Jumapili Niliyosema Ni Giza

Baba yangu, Walenty Gorski, alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye tanuri la chuma kusini mwa Buffalo, na tanuri likamla macho. Alipostaafu alikuwa akiona vivuli na rangi tu. Mama alikwisha kufariki, kaka zangu walihamia Texas kufuata kazi, tukabaki wawili nyumbani Cheektowaga: yeye na mimi, Irena, kitinda mimba wake, niliyekuwa nikifua mashuka hospitalini.

Jumapili zilikuwa za mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Timu yetu ikicheza ugenini, televisheni ilionyesha, nami nilikaa kwenye mkono wa kiti chake nikimsimulia.

"Wamempa mkimbiaji, baba. Anakwenda, anakwenda... kaangushwa."

"Na nani?"

"Na wote."

Alicheka mpaka akakohoa.

Mechi za nyumbani zilikuwa na mambo yake. Tiketi zisipomalizika siku tatu kabla ya mechi, televisheni zote ndani ya maili sabini na tano zilinyimwa mechi ile, tukawekewa sinema ya zamani ya ng'ombe na bastola. Sisi tuliita giza. Mwaka ule timu ilikuwa mbovu, uwanja mkubwa, theluji haina huruma, kwa hiyo giza lilikuwa la kawaida. Siku za giza baba alisikiliza redio, na mtangazaji akaifanya kazi yangu. Mimi nilikuwa huru. Niliyapenda yale magiza, ingawa mbele ya baba nililaani kama watu wengine wote wa mtaa.

Desemba, Raymond, dereva wa gari la wagonjwa pale hospitalini, alinialika chakula cha mchana kwa mama yake. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na hakuna mwanamume aliyewahi kunipeleka kwa mama yake. Ilikuwa Jumapili ya mechi ya mwisho ya nyumbani. Ijumaa, wakati wa mapumziko, nikasoma gazetini kwamba mfanyabiashara mmoja wa nyama amenunua tiketi zote zilizobaki. Mechi ingeonyeshwa. Nililikunja gazeti nikaliacha kazini.

Jioni baba akaniuliza kama kawaida, kwa jina langu la utotoni, "Irenka, vipi Jumapili? Wanaonyesha?"

"Giza, baba."

"Hata hii ya mwisho?"

"Hata hii. Nani atatoa pesa yake akagande kwa ajili ya wale?"

"Washenzi," akasema, akimaanisha wenye timu. "Nimewashangilia tangu hawajui kushika mpira, leo wananifungia mlango." Kisha akanipapasa mkono. "Basi pumzika, binti yangu. Unachoka sana."

Sikumwambia habari za Raymond. Nilisema naenda kumsaidia mwenzangu wa kazini kupanga vyombo, amehama nyumba.

Kwa kina Raymond televisheni ilikuwa inawaka sebuleni. Sijui kwa nini hilo halikunipitia akilini. Baba yake akasogeza mito akanipisha nafasi.

"Kaa hapa, mwanangu. Leo wametuonea huruma."

Nikakaa. Ilikuwa mechi nzuri kuliko zote za mwaka ule. Tulikuwa nyuma mpaka dakika ya mwisho, kisha mkimbiaji wetu, yule mfupi ambaye baba alimwita Kibuyu, akawapangua watu wanne kwenye theluji akavuka mstari wa bao. Sebule nzima ilisimama. Mama yake Raymond akanikumbatia na mwiko mkononi. Raymond akaninong'oneza, "Mbona huli?"

"Nimeshiba," nikasema, na sahani ilikuwa haijaguswa.

Nilirudi nyumbani kabla taa za barabarani hazijawaka. Baba alikuwa kwenye kiti, redio ubavuni, televisheni imezimwa.

"Umesikia?" akasema. "Tumeshinda! Kibuyu! Ngoja nikusimulie."

Akanisimulia kwa mikono miwili, jinsi mtangazaji alivyosema. Nilisimama na koti mwilini nikiuliza, "Ehe? Halafu?" kama mtu ambaye hakuona kitu.

Kesho yake jirani yetu, Bibi Delahunt, alinisimamisha uani nikitoka kutupa majivu.

"Mtengenezee baba yako ile televisheni. Jana nimempelekea supu, namkuta na redio. Nikamwambia, Walenty, una nini wewe, mpira si huo unaonyeshwa! Akasema televisheni yake imekufa."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Mechi haijafika hata nusu."

Kumbe alipokuwa akinisimulia kwa mikono miwili, alijua. Niliingia ndani nikiwa na maneno yangu tayari. Alikuwa akimenya kiazi kwa kupapasa.

"Kuna baridi nje?" akauliza.

"Ipo, baba."

Nikachukua kisu, nikakaa kumenya naye.

Hakunilaumu. Lakini msimu uliofuata hakuniuliza tena kama wanaonyesha. Nilimsikia uani, akimwuliza Bibi Delahunt juu ya uzio, "Jumapili ni giza?" Na bibi akimjibu, "Giza, Walenty." Lilikuwa la kweli, mechi baada ya mechi. Sasa ningetoa chochote wauze tiketi zao.

Novemba niliazima gari la Raymond nikampeleka baba Pennsylvania, nje ya zile maili, kwenye nyumba ya wageni ya kando ya barabara iliyojaa watu wa kwetu waliokimbia giza. Tulipata chumba. Nikawasha televisheni, nikamketisha kitandani.

"Imeanza, baba."

Aliinuka, akasogea mpaka kwenye kioo, akakiwekea kiganja. Akasubiri mpaka rangi ya bluu ya jezi zetu ikapita chini ya vidole vyake.

"Kweli," akasema, "ni wao."

Hakusema kwa ubaya. Nililia hapo hapo.

"Baba, mwaka jana nilikudanganya."

"Najua."

"Nilikuwa na mtu. Alinialika kwao."

Akarudi akakaa, akanitafuta bega. "Hilo ndilo lilikuwa la kunificha? Ungeniambia, ningekuambia nenda mbio. Ningevaa tai nikaja nawe." Akanipapasa bega. "Nilidhani umechoka na mimi, Irenka."

Hilo nalo lilikuwa na ukweli ndani yake, naye alilijua.

Tulifungwa vibaya siku ile. Nilimsimulia kila kitu mpaka sauti ikanikauka. Tulipanga aende kwa kina Raymond Pasaka, ajuane na wazee wenzake. Mapafu yake yalimshinda Machi, wiki mbili kabla. Baba yake Raymond alikuja mazishini na tai nyeusi, akasimama mbele ya jeneza la mtu ambaye hakuwahi kumpa mkono.

"Alikuwa mshabiki?" akaniuliza kwa upole.

"Sana," nikasema.

"Basi tungeelewana."