Tairi la Lenah Juu ya Mabati

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufua nguo za watu mtaa wa Olympic, Jael alipitia shule ya matope pale kwao kwenye mabanda ya Gatwekera kuangalia kama kutanyesha. Kina mama wa kufua wote walifanya hivyo. Walisimama mlangoni mwa darasa la sita, wakachungulia picha iliyokuwa ukutani, kisha wakaenda zao.

Ilikuwa picha ya Nairobi iliyopigwa na setilaiti. Wageni fulani waliileta mwaka wa tisini na saba ili watoto wafundishwe jiografia na hali ya hewa. Mwalimu Wekulo aliigongomea ukutani, na kesho yake mawingu yakaanza kutembea. Yalitokea upande wa Dagoretti, yakavuka Kawangware, yakaja. Kongo, ile ya Kawangware, ikilowa kwenye karatasi asubuhi, ikifika saa ya uji imelowa kweli. Mwalimu alitafuta kitambaa cha kupangusa maji yaliyochuruzika chini ya picha, akaendelea na somo.

Watu walizitambua nyumba zao. Kutoka juu mabati yote ni kutu moja, lakini kila mtu anajua alichoweka juu ya paa lake upepo usilibebe. Mwingine mawe, mwingine beseni lililopasuka. Jael alikuwa na jiko kuukuu. Jirani yake Lenah alikuwa na tairi lililopakwa rangi nyeupe.

Jumatatu moja ya Oktoba, Jael hakuliona jiko lake. Mstari wote wa nyumba za kando ya mto haukuwako kwenye picha. Palikuwa na maji tu, rangi ya chai ya maziwa. Huko nje nyumba zilikuwa zimesimama na nguo zinakauka.

"Mwalimu, hebu pangusa hapo," Jael alisema.

"Nimepangusa, Mama Amolo. Hayatoki."

Jael hakwenda kufua siku hiyo. Alienda ofisi ya ardhi kuomba watu wa mtoni waruhusiwe kukaa kwenye uwanja mtupu ulio karibu na Olympic mpaka mvua iishe. Karani aliyeitwa Kiragu alikuwa na picha ya setilaiti ileile ukutani. Kwenye yake, Olympic ilionekana nyumba kwa nyumba, hata matangi ya maji. Mahali pa Gatwekera palikuwa na miti.

"Mama, hapa ni msitu."

"Mimi nimetoka hapo sasa hivi."

"Labda ulienda kuokota kuni." Jani lilidondoka kutoka kwenye picha, likaangukia kikombe chake cha chai. Alilitoa kwa kidole. "Na uwanja una mwenyewe. Msitu hauwezi kuhamia kwa mtu."

Jael alirudi, akambeba binti yake Amolo na godoro, akamlaza shuleni juu ya madawati. Kisha akaenda kwa Lenah.

"Mama Elvis, toka hapa. Mchukue mtoto."

"Wewe nawe. Juzi ulisema panya watatumaliza."

"Nenda ukaangalie, basi."

Lenah alienda, maana mama hata akicheka huenda kuangalia. Alitafuta tairi lake. Aliliona, jeupe, limekaa pakavu. Hakutazama liko upande gani. Nani huhesabu vichochoro kutoka mbinguni?

"Langu liko," alisema. Akarudi nyumbani kupika.

Hakukumbuka kwamba mumewe alikuwa amemwazima fundi Ogola tairi lile, huko juu karibu na reli, kwa sababu mabati ya Ogola yalikuwa yakipigapiga.

Mvua ilikuja mchana. Lenah alikuwa ametoka kununua mafuta ya taa. Elvis, ambaye hakuwa ameanza shule, alikuwa amelala ndani. Mto ulichukua mstari wote.

Jael alirudi ofisini kusema. Kiragu aliinuka, akaitazama picha yake kwa karibu.

"Kweli," alisema. "Naona kuna miti imeanguka. Itaota."

Sasa Lenah huja darasani kila asubuhi. Kwenye picha nyumba yake imerudi, peke yake katikati ya maji, na Elvis amekaa juu ya paa pale tairi lilipokuwa, akiyakalia mabati yasibebwe. Wingu likitokea Dagoretti, Mwalimu Wekulo humpa Lenah kitambaa, naye hulipangusa kabla halijamfikia mtoto. Watoto wa darasa la sita husogea kidogo ili apite.

Ilipofika Januari, watu wapya walikuwa wanajenga palepale mtoni. Jael alimkuta mmoja wao, Ndunge, mtoto mgongoni, anapigilia bati la mwisho.

"Dada, kwanza pitia shuleni uangalie picha. Na uangalie mahali, usiangalie kitu."

"Nitapita," Ndunge alisema. "Lakini upepo wa hapa ni mbaya. Hamna kitu cha kuweka juu?"

Ogola alikuwa amelirudisha tairi. Lilikuwa kando ya njia, jeupe bado. Ndunge akaliokota.