Njia ya Kwenda Beni

Kila umeme ulipokatika mtaani Kimemi, mjini Butembo, Mélanie, aliyepokea maombi ya dawa kwenye depo, alijua kitakachofuata. Ukirudi, kompyuta ya depo ingewaka vizuri, lakini ingekuwa imesahau njia ya mtandao ya kupitishia maombi ya tawi la Beni. Beni wangelalamika, naye angempigia simu Stanislas.

Stanislas ndiye fundi aliyeifunga ile mashine, iliyotumia mfumo wa Linux. Alikuwa pia parrain, baba wa ubatizo, wa Ornella, binti ya Mélanie, naye Mélanie alimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kama wa tumbo moja. Kila mara alikuja na pikipiki, akaandika amri moja upesi, njia ikarudi, akalipwa. Mélanie alipomwomba amfundishe, alikataa kwa upole.

"Mama Ornella, iko kitu ya hatari. Uniite tu."

Mvua zilipoanza, umeme ukakatika ovyo. Maombi ya Beni ya serum, maji ya dripu, yakakwama, wagonjwa wakahamishwa. Directeur Omer, mkuu wa depo, akawaita wote ofisini.

"Nani anagusaka ile mashine?"

Mélanie alimtazama Stanislas, akingoja aseme kwamba hakuna aliyeigusa. Stanislas alitazama dirishani.

"Directeur, mi siko hapa kila siku. Mama Mélanie ndiye anabakiaka nayo."

Omer alimgombeza Mélanie mbele ya wenzake, na kazi ya kupokea maombi akampa mfanyakazi mwenzake, Eliane.

Mélanie alidhani Stanislas ameogopa tu. Hata hivyo alitaka kujua mashine inaugua nini, akaanza kusoma maelezo ya Linux kwa simu yake. Jibu lilikuwa kwenye kurasa za mwanzo kabisa: njia inayowekwa kwa amri hukaa mpaka mashine izimwe, basi. Ili idumu, iandikwe kwenye faili ambayo mashine huisoma kila inapowaka. Akaiandika. Akazima, akawasha. Njia ilikuwa pale pale, na Beni wakajibu.

Hakufurahi. Jambo lilikuwa jepesi mno. Fundi aliyefunga mashine ile asingekosa kulijua.

Akamwita. Stanislas alifika akidhani umeme umekatika tena.

"Yaya, ulijuaka ya kama inaweza kubakia?"

"Nilijuaka."

"Tangu lini?"

"Tangu nilifunga mashine. Ingekuwa inabakia, mungeniita juu ya nini? Kazi iko wapi hapa Butembo?"

"Ungeniambia, tungekutafutia. Lakini ulinyamaza, wakanihaibisha mbele ya batu. Wewe, mutu nilikupatia mutoto wangu kwa batizo."

"Unisamehe, Mama Ornella."

"Hapana kuniita vile tena."

Stanislas alitoka, akawasha pikipiki. Mélanie akamweleza Omer yote. Omer alimrudishia kazi yake kimya kimya, lakini hakuwaita wafanyakazi tena kuwaambia kwamba alimwonea.

Alasiri ile Mélanie alifuta jina la Stanislas kwenye mashine, akaweka neno la siri jipya. Eliane akamuuliza mbona analia, na mashine imepona. Mélanie alipangusa macho kwa kitenge, akaendelea kupokea maombi ya Beni.