Zimeni, Kuna Kazi

Kile kiti cha magurudumu kililetwa kwa kelele nyingi. Spika kubwa, hema, soda za wageni wa mbele, na sisi wa nyuma tukipigwa na jua. Phineas, mratibu wa mradi wa viti, alimsukuma Firdaus mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka mpiga picha akasema imetosha. Ubavuni mwa kiti walibandika stika yenye sura ya mkubwa mmoja anayecheka. Sijui alikuwa anacheka nini.

Firdaus ni binti wa jirani yangu Mwanarusi. Miguu yake haijapata kumbeba tangu azaliwe, lakini kichwa kinamtosha yeye na wengine. Amesomea kompyuta, na mjomba wake Fuad, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya reli, alikuwa amempa kazi ya kupokea wateja. Kilichobaki kilikuwa ni kufika huko.

Sasa mniambie, ninyi mliosoma. Kiti kile kilitengenezewa sakafu ya vigae. Magurudumu yake mawili ya mbele yalikuwa ya plastiki, madogo kama maandazi. Mtaa wetu uko Voi, upande wa kwenda Mbololo, na njia yetu ni kokoto na mashimo. Nani alikuja kuiangalia kabla ya kuagiza? Wiki haikuisha. Firdaus alipofika pale pa kuvukia reli, gurudumu moja likapasuka, na la pili likafuata kabla hajageuza. Fuad alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, msichana mzima, watu wakitazama. Kiti kikawekwa barazani, kikafunikwa leso, na Firdaus akarudi kwenye mkeka.

Tulipopiga simu kwa mradi, tukaambiwa spea hakuna. Tulipopiga tena, tukaambiwa tusubiri. Kisha Jumatatu moja Phineas mwenyewe akaja, viatu vinang'aa, akainua ile leso kwa vidole viwili.

"Mama, kiti hiki hakitumiki."

"Hakitumiki kwa sababu kimevunjika, mwanangu," Mwanarusi akasema. "Mliniletea kitu cha kuvunjika."

"Utaratibu ni kwamba kiti kisichotumika kinarudishwa, anapewa mwingine. Kuna mtu anasubiri Kishushe."

Mimi nilikuwa nimeegemea ua, nasikia kila kitu. "Kishushe?" nikauliza. "Kule ambako mawe ya barabarani ni kama vichwa vya mbuzi? Mtampelekea kiti kisicho na miguu?"

"Tutakitengeneza kwanza, mzee."

"Basi kitengeneze hapa."

"Mzee wangu, bajeti ya hapa imefungwa. Ya Kishushe ni mpya."

Nilimwomba aseme tena, nikidhani masikio yangu yamezibwa na vumbi la chuma. Akasema tena vilevile. Angerudi Ijumaa alasiri na pikapu. Akimkuta Firdaus anakitumia, sawa. Asipomkuta, kiti kinaondoka. Nikaelewa. Kitapakwa rangi, kitabandikwa stika mpya, kitapigwa picha tena.

Mimi nawajua watu hawa na viti vyao. Mke wangu Nzilani aliposhikwa na pumu asubuhi ile, gari la wagonjwa lilikuwa limetumwa Maungu kubeba viti vya plastiki vya mkutano wa wakubwa. Viti! Lilipokuja hatimaye, vilikuwa bado vimejaa nyuma, na dereva akasema ningoje kidogo avishushe. Mimi nilingoja. Nzilani hakungoja. Siku ya mazishi wakaja na hotuba, wakakaa kwenye viti vilevile.

Kwa hiyo niliposikia neno kiti, na Ijumaa, na bajeti, damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia Mwanarusi, "Mama Firdaus, kiti hiki hakitoki hapa. Nitamwekea magurudumu."

"Shemeji, utayaweka kwa kitu gani? Kwa kucha?" Aliniita shemeji kwa sababu yeye na Nzilani walikuwa kama dada.

Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, chini ya mabati. Mashine ya kukereza chuma niliinunua kama chakavu nikaifufua mwenyewe. Nina drili ya kusimama, grainda, na mashine ya kuchomelea niliyoisuka kwa mkono. Kumimina alumini pia nakujua. Unatengeneza mfano wa kitu unachotaka, unaukandamiza kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya sanduku, unautoa polepole, na pale palipobaki wazi unamimina alumini iliyoyeyuka. Zamani mfano nilikuwa nachonga kwa mti. Siku hizi macho hayaoni mstari wa rula, na gurudumu lililopinda hata nywele moja litamtupa mtu chini.

Hapo ndipo Fuad alipoingia na sanduku. Yeye hununua mtumba wa kila aina kutoka Mombasa, na humo mlikuwa na kimashine kidogo, fremu tupu yenye mikanda na kidude cha kupasha moto.

"Mzee Mwangangi, hiki chukua. Kimekaa dukani tangu mfungo uliopita. Nilidhani ni cha kufumia sweta, maana kilikuja na uzi. Kumbe uzi wenyewe ni plastiki. Mke wangu alijaribu kuufuma, wallahi."

Firdaus alicheka mpaka akashika ubavu. "Mjomba! Hii ni printa. Inayeyusha huo uzi, inachora utando juu ya utando mpaka kitu kinasimama chenyewe." Akanigeukia. "Baba, nipimie uma wa kiti. Gurudumu nitalichora mimi. Unataka la ukubwa gani?"

"La kuivuka reli bila kuomba ruhusa."

Akalichora kwenye kompyuta yake kuukuu, lenye mbavu nene. Kimashine hakitaki vumbi, na nyumbani kwangu chumba kisicho na vumbi ni kimoja tu, kile alichoshonea Nzilani. Nilikuwa sijakifungua tangu azikwe. Nilisogeza cherehani yake ukutani, nikaweka kimashine juu ya meza, nikatoka haraka.

Jumanne kilianza vizuri. Kilikuwa kinalia kama mbu, gurudumu linapanda pole pole. Kabla ya adhuhuri taa ikafifia, ikarudi, na kimashine kikasimama. Kikaanza kutembea ovyo kama mtu aliyeamshwa ghafla, hakikumbuki kilikuwa wapi. Plastiki ikawa kama tambi. Jumatano nikaanza alfajiri. Saa za watu kupika, taa ikafifia tena. Tambi tena.

Nikatoka uani na simu mkononi, nawapigia watu wa stima. Sauti ya mwanamke ikaniambia simu yangu ni ya muhimu kwao. Nikamwambia yeye ni mwongo na bibi yake pia. Niliwatukana watu wa stima, mradi, wakubwa, madereva na wauza viti. Nilikuwa bado natukana Mwanarusi alipokuja kusimama uani, mikono kiunoni.

"Shemeji, umemaliza?"

"Sijaanza!"

"Stima haijakatika. Friji yangu inanguruma mpaka sasa."

"Basi ni nini kinachoniharibia kazi?"

"Ni sisi."

Nikashusha simu sikioni.

"Ni sisi, shemeji. Kitheka akiwasha mashine yake ya kusaga, mimi nikiweka pasi, yule wa kona akiwasha jiko la stima, taa zote zinapiga magoti. Transfoma ni ileile moja. Zamani tulijua ukiwa kazini. Siku hizi tutajuaje?"

Alichosema kilikuwa kweli, na kilinikasirisha zaidi kwa kuwa kweli. Kwenye mwarobaini wangu palikuwa na kipande cha reli kimening'inia. Nilipotaka kuwasha mashine kubwa, Nzilani alikipiga kwa nyundo haraka haraka, na mtaa mzima ukazima vitu vizito. Nikimaliza, alipiga mara moja, taratibu, wakawasha. Hakuna aliyeamrisha wala ofisi iliyopitisha. Watoto walizaliwa wakaikuta desturi hiyo. Baada ya matanga nilikishusha nikakitupa nyuma ya mapipa, maana sikutaka kukisikia mkononi mwa mtu mwingine.

"Transfoma moja kwa mtaa mzima," nikasema. "Na hilo nalo si la wakubwa?"

"Ni lao. Watukane Jumamosi. Ijumaa wanachukua kiti cha mwanangu."

"Nani atapiga? Mimi niko ndani na kimashine."

Firdaus akaita kutoka kwenye mkeka wake, upande wa pili wa ua. "Baba! Kwani mimi nimevunjika magurudumu ya mikono?"

Nilikwenda nyuma ya mapipa. Kile chuma kilikuwa na kutu na mchanga. Nikakiosha. Sikukirudisha pale juu alipokifikia Nzilani. Nilikifunga chini, usawa wa mtu aliyekaa, karibu na ua. Mwanarusi alitandika mkeka hapo, akageuza uso akajifanya anafukuza kuku.

Alhamisi kulipopambazuka Firdaus akapiga. Jamani, niliposikia ile sauti nilishika mlango. Haikuwa ya Nzilani. Nzilani alipiga kama mtu anayeharakisha chai, huyu alipiga kama mtu anayedai chake. Redio zikazimwa, moja baada ya nyingine. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Ni nani amefufuka?" Mwingine akamwambia azime kwanza aulize baadaye.

Kitheka alikuja amejaa unga mpaka kwenye nyusi. "Mzee, leo ni kwa muda gani?"

"Mpaka jioni."

"Mpaka jioni! Watu watakula nini, plastiki?"

"Kaka Kitheka," Firdaus akasema, nyundo mkononi, "ni gurudumu langu."

Kitheka akakuna kichwa, unga ukamwagika. Akarudi akafunga mashine yake, akakaa mlangoni siku nzima anawafukuza wanawake na mahindi yao. "Rudini jioni! Kuna kazi kwa Mwangangi!" Nilimsikia akitutetea mbele ya mtu aliyelalamika kwamba njaa haijui kazi. Sikutegemea.

Taa haikufifia. Kimashine kililia kama mbu mpaka jua lilipoegemea upande wa vilima, na nilipokiangalia, gurudumu lilikuwa limesimama juu ya meza ya Nzilani, jeupe, la mviringo kamili. Firdaus akapiga mara moja, taratibu. Mtaa ukanguruma, na mashine ya Kitheka ikaanza kabla ya zote.

Jioni hiyo niliyeyusha pistoni chakavu za malori kutoka Maungu, nikamimina mara mbili kwa mfano ule mmoja wa plastiki. Ijumaa asubuhi Firdaus akapiga tena, nikayakereza, nikaweka beringi, nikayavisha raba ya tairi la lori, ile ya kushonea viatu vya akala. Mazito kidogo, lakini hayo hayataomba radhi kwa jiwe. Firdaus akapanda kiti. Mama yake akataka kumsukuma.

"Mama, ondoa mkono."

Akaondoka peke yake. Tulibaki tunamtazama mpaka akakunja kona ya kwenda kuvuka reli.

Phineas alifika alasiri na pikapu, vijana wawili wa kubeba, na mpiga picha. Akaangalia baraza tupu, leso imekunjwa.

"Kiti kiko wapi, mama?"

"Kiko kazini."

"Na msichana?"

"Kiti kitakwendaje kazini bila yeye? Kama huamini, kaa umngoje."

Akakaa akingoja, hakuamini. Fuad alipofunga duka, Firdaus akaonekana kwenye njia, anakuja mwenyewe juu ya kokoto, mbio kidogo, kwa kusudi. Phineas akasimama. Akainama akatazama magurudumu, akayagonga kwa kidole. Nilingoja aulize ni ya nani. Hakuuliza. Akamnong'oneza mpiga picha, na vijana wakashusha spika kutoka kwenye pikapu, wakaingiza waya kwenye soketi ya Mwanarusi bila hata kubisha hodi. Mmoja akatoa stika mpya. Mkubwa yuleyule anacheka.

"Wananchi wa Voi!" Phineas akaanza. Watu wakatoka kutazama. "Mradi wetu umesikia kilio cha binti huyu! Leo tunawaletea kiti kilichoboreshwa, chenye magurudumu ya kisasa..."

"Muongo huyo!" Kitheka akapiga kelele, lakini spika ilikuwa kubwa kumshinda.

"...na mwezi ujao tunakwenda Kishushe, kumpa ndugu yetu mwingine kiti kipya, kama tulichompa binti huyu mara ya kwanza!"

Kama cha kwanza. Nikaliona gurudumu la plastiki, la ukubwa wa andazi, likipasuka kwenye mawe yale, na mtu nisiyemjua ameketi chini karibu na kiti chake, mbali na kila gari. Firdaus alinitazama. Naye alikuwa amesikia.

Nilivuka ua nikaokota nyundo. Tangu kile chuma kiwekwe pale, zamani na sasa, mimi sikuwahi kukipiga. Nilikipiga haraka haraka, kama Nzilani.

Redio zikazimwa. Mashine ya Kitheka ikanyamaza. Mwanarusi akainama, akauvuta ule waya kutoka ukutani kwake.

Spika ikafa katikati ya neno. Phineas akabaki anafungua mdomo, kama samaki aliyetolewa kwenye karai. Akagonga kipaza sauti. "Nani amezima?"

Firdaus alipita mbele yake, kokoto zikilia chini ya magurudumu, akaja akachukua nyundo mkononi mwangu.

"Nani amezima stima hapa?" Phineas akauliza tena.

"Kuna kazi," Mwanarusi akasema.

Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani kuwasha kimashine. Yule wa Kishushe angehitaji magurudumu mawili, mapana zaidi kwa mawe yale, na wao hawakuwa na nia ya kumpelekea hata moja la kufaa.