Kikohozi cha Baba Mkwe

"Bado yupo?" Tupokigwe aliuliza.

Atuganile, jirani aliyemsindikiza hospitali, alikuwa anarudi mbio kutoka mlango wa wodi, kanga imemlowa mabegani. "Yupo. Palepale kwenye benchi, kama kisiki cha mkaratusi. Hata shingo hageuzi."

Tupokigwe akasonya, akaendelea kupuliza moto usiotaka kuwaka. Kibanda cha kupikia cha ndugu wa wagonjwa kilikuwa nyuma ya wodi, bati lake limetoboka, na mvua ya Tukuyu haina haya; humfuata mtu hadi jikoni. Uji wenyewe aliupika ili apate sababu ya kukaa pale. Mumewe, Anosisye, asingeweza kuunywa. Taya zake zilikuwa zimefunga.

Alijikata mguu kwa kisu cha kupogolea chai. Kidonda kidogo, cha kufunga kitambaa na kusahau. Zamani wangemchoma sindano palepale shambani, lakini tangu shamba lipate mwenyewe mpya, zahanati ya wafanyakazi iligeuzwa stoo ya mbolea. "Kitapona chenyewe," alisema Anosisye, akarudi kazini. Ikafika asubuhi moja akashindwa kufungua kinywa. Pepopunda, daktari akasema, akamlaza chumba cha wagonjwa mahututi. Madirisha yakafunikwa blanketi, kwa sababu mwanga kidogo au sauti kidogo vilitosha kumkunja mwili kama upinde. Dawa ya kumtuliza ilikuwa haba. Atuganile aliuzungukia mtaa mzima wa Bagamoyo, hapohapo Tukuyu mjini. Maduka yalikuwa yamefurika siku hizo, redio, sabuni za kunukia, mitumba ya kila rangi. Dawa ile tu ndiyo haikuwapo.

Na tangu mumewe aingizwe chumba kile, Tupokigwe hakuwa amemtia machoni.

Chumba kilikuwa mwisho wa korido. Njia ya kuingia ilikuwa moja, benchi moja, na kwenye benchi hilo alikaa baba mkwe wake. Kwao Matwebe, kwa wanaoishika mila, mwanamke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami, hali naye, halitamki jina lake. Akimwona njiani huingia migombani mpaka apite. Wakristo wengi walikwisha kuiacha mila hiyo, wakapeana mikono kanisani, yakaisha. Mzee huyu alikuwa mzee wa kanisa, na hakuiacha. Ila alikuwa mwungwana. Kila alipokaribia nyumba ya mwanawe alikohoa, kikohozi kinene, mara mbili, kikisikika tangu mtoni. Tupokigwe alikifahamu kikohozi hicho kuliko alivyoifahamu sura ya mwenye nacho. Akikisikia hujificha, mzee hupita, kila mtu na heshima yake.

Sasa mzee hakohoi wala haondoki.

"Ananinyima mume wangu," Tupokigwe alisema. "Kamzaa, sawa. Mimi je? Hata haja haendi mtu huyo?"

"Labda anakwenda ukiinama kupuliza. Moshi wako huu unaficha hata lori la chai."

Tupokigwe hakucheka.

Nesi Felista akatokea mvuani, amejifunika faili kichwani. Alikuwa mgeni, amehamishwa kutoka Tabora, na uchovu ulikuwa umemkausha uso.

"Mama, wewe si mke wa Anosisye?"

"Ni mimi, Sista."

"Kwetu mume akiwa katika hali ile, mke hakai jikoni. Mle ndani wanasema umeshakata tamaa. Mimi nimebisha, lakini nimechoka kubisha peke yangu."

Hasira ikampanda Tupokigwe hadi kooni. Siku zote hizi amekula moshi, amelala kwenye sakafu ya wageni, halafu anaambiwa amekata tamaa.

"Sista, mwambie yule atoke mlangoni. Akitoka, naingia sasa hivi."

"Yule nani?"

"Aliyekaa."

"Mzee Ambwene?"

Tupokigwe akageuza uso kama aliyemwagiwa maji.

"Usimtajie jina hilo," Atuganile akaingilia. "Ni mkwewe. Hawaonani, Sista. Ni mila ya huku. Lazima mmoja ampishe mwenzake."

Felista alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Sasa nyumbani wanapishanaje?"

"Mzee anakohoa, huyu anajificha."

Faili likashuka taratibu kutoka kichwani mwa Felista. Mvua ikampiga, asijali.

"Mimi ndiye niliyemkataza," alisema. "Siku ya kwanza alisimama kutoka, akakohoa mara mbili. Kijana akajikunja, tukadhani mgongo unavunjika. Nikamfokea mzee wa watu. Nikamwambia, ukikohoa tena utamuua mwanao. Tangu hapo kikohozi kikimshika anajiziba mdomo kwa koti. Nikimwambia akapumzike, anajibu, 'Nje kuna mtu, mwanangu, siwezi kumtokea ghafla.' Anasubiri jioni tufunge milango, kila mtu ametoka, ndipo anajikongoja kwenda chooni. Nikasema ni uzee unamchanganya."

Tupokigwe alishika mwiko, akauweka, akaushika tena. Hasira yake ilibaki imesimama, haina pa kukaa. Amkasirikie nani sasa?

Akaipua sufuria.

"Mwambie kuna mtu anataka kupita," alisema.

Walisimama chini ya ukingo wa bati, mgongo kwa mlango, wakati Felista akiingia ndani. Aliporudi alinong'ona, "Anasema upite."

"Ameondoka?"

"Aondokee wapi, na mlango ndio huu?"

"Basi siwezi, Sista."

"Pita, mama. Utaona."

Tupokigwe alivua kandambili zisije zikalia. Akajitanda kanga, akaingia akitazama saruji. Alipoinua macho kidogo, pale mwisho wa korido palikuwa na mwavuli. Mweusi, mpana, umefunguliwa wote ndani ya nyumba, ubavu wake mmoja umefungwa kwa kamba ya mgomba. Juu yake hapakuonekana kichwa. Chini zilionekana buti mbili za mpira, zenye udongo mkavu wa Matwebe.

Akapita.

Ndani palikuwa giza. Alisikia pumzi kabla hajaona kitanda. "Polepole," Felista alimnong'oneza sikioni, "mkono wako usimshtue." Tupokigwe alisogeza vidole kama anavyosogeza kwenye kichaka cha chai asubuhi, umande ukiwa bado juu, akitaka chipukizi na hataki kuutikisa mti. Kiganja cha Anosisye kilikuwa kigumu kama ubao. Akaviacha vidole vyake hapo, vyeusi kwa utomvu wa chai, vyenye sugu ambazo mumewe alizoea kuzitania. Muda mrefu hapakutokea kitu. Kisha kidole gumba kikalegea, kidogo sana, au labda alitamani tu.

"Inatosha kwa sasa," Felista akasema. "Tumwache apumzike."

"Atapona?"

"Sijui, mama. Leo hajajikunja tangu mchana. Zaidi ya hapo sijui."

Alipotoka, mwavuli ulikuwa bado wazi. Lakini sasa ulikuwa umesimamishwa katikati ya benchi, na mzee amejibana upande wa ukutani. Upande wa huku ulikuwa mtupu, umefutwa vumbi.

Tupokigwe alitazama mlango wa nje, mvua, moshi wa kibanda. Akaketi kwenye nusu ile, mgongo kwa mwavuli.

Walikaa. Nyuma yake akasikia kitambaa cha koti kikikandamizwa mdomoni, na mwavuli ukatikisika mara mbili, bila sauti.

Akavuta kanga, akajifunika uso. Hakuinuka.