Alama ya Dole Langu

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi kidogo. Jua lilitoka kama saa tatu, likajificha tena.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni ametufundisha kwamba anayeandika jambo la kweli aanze na siku na hali ya hewa, ili mkono upate moto kabla ya kufika penye uzito. Hali ya hewa nimeshaiandika. Yaliyobaki namwomba Mungu anishike mkono.

Nina miaka hamsini na minane, na kusoma nimeanza juzijuzi tu. Kaka yangu alipofariki, miaka mitatu iliyopita, pale makaburini nilipewa karatasi ya sala niisome, kwa kuwa mimi ndiye dada yake wa pekee. Niliishika, nikaitazama, nikampa jirani. Wifi yangu, mke wa marehemu, aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Mwezi uliofuata nilijiandikisha darasani. Nilitaka siku moja nisome sala ile mwenyewe, kwa macho yangu, juu ya kaburi lake.

Jumamosi hiyo mwalimu alitutoa nje. Tulikuwa watu tisa, wote watu wazima, kila mmoja na daftari lake. Alitaka tuone mgahawa mmoja, baa moja na hoteli moja ambazo wenyewe wamezitunza vile zilivyokuwa enzi za wazazi wetu. Kazi yetu ilikuwa moja: kila tunapoingia tutafute maandishi ya zamani, mmoja wetu ayasome kwa sauti, wengine wayanakili.

Mgahawani sakafu ilikuwa ya vigae vyeusi na vyeupe. Kutoka mlango wa jikoni hadi meza ya dirishani vigae vilikuwa vimelika, pamekuwa kama kijia, mahali wahudumu walipopita na sinia zao miaka nenda miaka rudi. Wenzangu walitazama saa ya ukutani na kengele ya shaba. Mimi nilikanyaga kijia kile polepole, nikaiwaza miguu ya kaka yangu, kwa kuwa naye alikuwa mhudumu wa meza. Ukutani paliandikwa: "Mteja anaombwa avue kofia." Nilinakili bila kosa hata moja.

Mlangoni pa baa nilisimama kidogo nikasali. Mwenzetu kinyozi, mtu asiyenyamaza hata akiwa na wembe mkononi, akaniona.

"Mama Sala," alisema, maana hilo ndilo jina alilonibandika, "leo unaingia baa! Malaika wako atakaa wapi?"

"Atabaki hapa mlangoni."

"Ananisubiri mimi?"

"Anakuhesabia chupa."

Walicheka wote, na mimi nikacheka. Sikujua kwamba kwa siku ile hicho kilikuwa kicheko changu cha mwisho.

Mahali pa tatu palikuwa hoteli. Mwalimu alipoandika jina lake ubaoni wiki iliyotangulia, nilikuwa wa kwanza kulisoma. Nilifanya kazi pale nikiwa msichana, chumba cha dobi, miaka minne. Kaka ndiye aliyeniombea kazi hiyo. Tangu nilipoondoka kuolewa sikuwahi kupita mtaa ule. Darasani sikumwambia mtu.

Hoteli ilikuwa ileile. Ngazi ya mbao iling'aa. Lifti ilikuwa bado ina mlango wa chuma wa kukunja. Katika chumba cha kulia meza zilikuwa zimeandaliwa kana kwamba wageni wako njiani, vitambaa vyeupe vimenyooka, na nilipoviona, vidole vyangu vilitaka kuvigusa, kuangalia kama pindo limepigwa pasi upande wa ndani. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alikuwa mcheshi, na kila kiti alikijua historia yake. Mwisho alisema, "Sasa twendeni chini, kwenye chumba chetu cha kumbukumbu."

Chumba cha kumbukumbu ni kile chumba cha dobi.

Pasi zetu za mkaa walikuwa wamezipanga kwenye rafu, zimepakwa mafuta. Katikati palikuwa na kabati la kioo. Ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, ulilala upawa mkubwa wa fedha wa kupakulia supu.

"Huu una kisa chake," alisema yule mama akicheka. "Ulipotea miaka mingi sana iliyopita. Pakatafutwa weee, pakaonekana patupu. Mwaka juzi mafundi wanahamisha lile kabati kubwa la vyombo, zito kama tembo, wakaukuta umesimama ukutani nyuma yake. Ulikuwa umejificha kama mtoto asiyetaka kuoga!"

Darasa zima likacheka. Mimi nilishika ukingo wa kabati.

Kwa ajili ya upawa ule kaka yangu alifukuzwa kazi. Waliitwa wahudumu wote, wakaulizwa, na jioni yake kaka akatolewa nje na nguo zake ndani ya mfuko. Hakuna hoteli iliyomchukua tena. Mtu aliyejua kubeba sahani sita kwa mkono mmoja alimalizia maisha yake akibeba magunia ghalani, na magunia ndiyo yaliyomvunja mgongo.

Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wakicheka, mimi moyoni nilisema: Ee Mungu, asante. Upawa ulikuwapo ukutani siku zote. Nitampelekea wifi habari hii, nitawaambia watoto wa kaka kwamba baba yao hakuwa mwizi. Nilitamani kukimbia saa ileile.

"Na hili hapa," mwenyeji aliendelea, akigusa kioo upande wa pili, "ni daftari la msimamizi wa wafanyakazi. Tumelifungua ukurasa huu kwa sababu ya alama. Wengi hawakujua kuandika, wakaweka dole gumba. Ona wino ulivyokaa, kama wa jana."

"Zamu ya Mama Sala kusoma," alisema kinyozi. "Mimi nimesoma kofia, nimesoma baa, koo limekauka. Soma mama, mwandiko wenyewe mzuri."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa kunitia moyo. Niliinama, nikaweka kidole juu ya kioo kama ninavyofanya darasani, nikaanza. Nilisoma neno moja moja.

"Mimi, dobi wa hoteli hii, nathibitisha kwamba jana baada ya chakula nilimwona kaka yangu, mhudumu wa meza, akiuviringisha upawa wa fedha ndani ya kitambaa na kutoka nao kwa mlango wa nyuma. Nimesomewa maneno haya nikayaelewa. Nimeweka dole gumba kwa hiari yangu."

Nilisoma vizuri. Nasema hivi kwa uchungu: sijawahi kusoma vizuri namna ile. Nilifika mwisho kabla maneno hayajanifikia mimi mwenyewe. Kisha nikaiona alama. Katikati ya mistari ya dole palikuwa na doa jeupe, jembamba, la urefu wa punje ya mchele, pale ambapo wino haukushika.

Niligeuza mkono wangu wa kulia. Kovu la pasi nililolipata kwenye dole gumba wiki yangu ya kwanza kazini lipo mpaka leo. Nililiweka juu ya kioo, sambamba na alama.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alitazama dole, akatazama daftari, akavua kofia.

"Mama," mwalimu alisema taratibu, "ni wewe?"

"Ni mimi. Lakini sikuona kitu. Sikumwona akibeba kitu!"

Niliwaeleza kazi yetu ilivyokuwa. Kila asubuhi vitambaa vya meza vililetwa dobini vimefungwa mafurushi, na mara nyingi ndani mwake mlikuwa na uma au kijiko kilichosahauliwa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvikung'uta kimoja kimoja juu ya meza, nikisikiliza kitakacholia. Asubuhi ile nilikung'uta vyote mara mbili. Haukulia upawa. Msimamizi akaja na daftari, akasema, "Weka dole hapa, ni maandishi ya kusema kwamba dobini upawa haukuonekana." Nikaweka. Lilikuwa jambo la kweli, na nilikuwa na haraka, pasi zilikuwa zinapoa. Sikusomewa hata neno moja.

Yule mama wa miwani alikaa kwenye kigoda. "Nimesimulia kisa hiki kwa wageni miaka miwili," alisema. "Upawa upande huu, daftari upande huu, na sikuwahi kuviunganisha."

Lakini mimi sikuwa namsikia vizuri. Nilikuwa nimerudi nyuma, nyumbani kwa mama yetu, wiki moja baada ya kaka kufukuzwa. Alinikuta nikimenya viazi. Hakukaa. Aliniuliza swali moja tu.

"Uliweka dole?"

"Niliweka," nilimjibu. "Tena wakiniuliza kesho nitaweka tena. Ni jambo la kweli, kaka."

Kisha akasema, "Haya, dada," akatoka. Tangu siku ile hakunipa mkono tena. Salamu alinipa, mahari yangu alisimamia, mama alipougua tulipokezana kumuuguza, lakini mkono hapana. Nikifika kwake alishika kikombe, au gazeti, au mtoto. Nilidhani ni majivuno ya mtu aliyeshuka. Baadaye nilidhani ni kwa sababu nilichelewa mazishi ya mama. Kila nilipopata kosa jipya la kujilaumu nililipeleka kwa Mungu, nikaomba msamaha wake. Miaka thelathini na moja nimeombea makosa yasiyokuwa yenyewe.

Hospitalini, siku zake za mwisho, nilitaka kumshika. Aliuingiza mkono chini ya shuka.

"Kaka, nimekukosea nini?"

"Unajua," alisema. Akageukia ukutani.

Sikujua. Na yeye alikufa akiamini kwamba najua.

Niliyasema haya yote mbele yao, nikiwa nimeegemea meza ileile niliyokung'utia vitambaa. Mwalimu alinishika bega. Kinyozi alisema kwa sauti ndogo, tofauti na yake ya kila siku, "Mama, ulidanganywa. Hata mimi mwaka juzi ningeweka."

"Najua nilidanganywa," nilisema. "Ila dole ni langu."

Nilimwomba mwenyeji anipe ukurasa ule. Alisikitika: daftari ni mali ya hoteli, na funguo za kabati zinakaa kwa wenye hoteli. Ila aliahidi kwamba nikiandika maelezo yangu na kuyatia sahihi, atawapelekea mwenyewe, na ataomba yawekwe ndani ya kioo kati ya upawa na daftari. Akaongeza kwamba yeye hatakicheka tena kisa kile.

Basi nikakaa kwenye kigoda chake nikanakili. Ilinichukua muda mrefu. Wenzangu walisubiri, wengine wamekaa sakafuni, hakuna aliyeniharakisha. Kila neno la uongo nililiandika kwa mwandiko wangu safi kadiri nilivyoweza. Nilipofika kwenye "nimesomewa maneno haya" penseli ilikatika ncha. Kinyozi alitoa wembe wake mfukoni akanichongea, akanirudishia. Chini ya maneno yale niliruka mstari, nikaandika sentensi yangu mwenyewe: "Hayo juu si kweli. Upawa ulikuwa nyuma ya kabati." Nikatia jina langu, lote, kwa herufi. Dole sikuweka.

Nilifunga macho. Nilitaka kusali, na kwa mara ya kwanza maishani sikupata cha kuomba. Msamaha nilioutaka haukuwa kwa Mungu peke yake. Ulikuwa umelala kaburini na mkono wa kaka, na uliobaki hai alikuwa nao wifi, mwanamke anayenijibu salamu kwa kichwa, ambaye watoto wake wananiita shangazi wakilazimishwa tu. Atakaponisikia huenda akanifukuza. Ana haki. Kwa miaka yote ile amelala kitanda kimoja na mtu aliyesalitiwa na dada yake, na mimi nilikuwa nikimpelekea maandazi.

"Unaweza kumpelekea hata wiki ijayo," mwalimu alisema. "Pumzika kwanza, mama."

Nilisimama. Nililishika daftari langu kwa mikono miwili, nikawatazama wote, mwalimu, kinyozi, yule mama wa miwani, wenzangu wengine saba, na nikasema kwa sauti ili kila mmoja asikie:

"Ninyi ndio mashahidi wangu. Leo, kabla jua halijazama, nitakwenda kwa wifi yangu. Nitamsomea ukurasa huu wote mbele ya watoto wa kaka, uongo wake na ukweli wake, na sitasema kwanza kwamba nilidanganywa. Akinifungia mlango nitasoma nikiwa nje. Na akinifungulia, nitamwomba twende pamoja kaburini, nimsomee na kaka."