Mto wa Opal

Hollywood nzima hakuna aliyelia redioni kumshinda Opal. Sema alilia kitoto tu, mdomo kwenye mto wa kulalia, maana maneno hakupewa hata moja. Mama mkwe aliambiwa mengine: filamu zikigeuzwa michezo ya redio, Opal ndiye huigiza mama mrembo. Kumbe huigiza kichanga cha mama huyo.

Jumatatu moja mama mkwe akaibukia studio, akaketi mbele kabisa na kofia mpya. Opal alitamani sakafu immeze, ila mchezo ulikuwa hewani tayari. Akaukumbatia mto, akalia nga, nga, huku mama mkwe amemkodolea macho.

Walipotoka, akawahi: “Mama, mwenye kulia kaugua ghafla. Nimemshikia zamu.”

“Pole yake, mwanangu. Naye anaitwa Opal? Maana mto ule umedariziwa jina.”