Sanduku la Rada na Paa la Ngoliba

Ephantus hakuwahi kuiona bahari, wala hakuwa na haraka nayo. Lakini karakana alimopaka rangi, nyuma ya vibanda vya nyama choma pale Kamakis, ilikuwa imepata kazi ya baharini: sanduku la chuma la kuhifadhia kompyuta inayoendesha friji za meli ya samaki. Meli yenyewe ilikuwa na kisirani. Kila rada ilipozunguka juu ya mlingoti, mawimbi yake yaliingia kwenye kompyuta, nayo ikapagawa na kuzima friji. Safari iliyopita meli ilirudi Mombasa na harufu nyingi kuliko samaki.

Dorine, mwenye karakana, alibuni sanduku lisilopitisha wimbi. Siri ilikuwa mlangoni. Ukingo uliachwa chuma kitupu, ukakutana na utepe wa nyuzi za shaba bila mwanya wowote. Kulijaribu, walitia simu ndani, wakafunga mlango, wakaipigia. Ikilia, kuna tundu. Ilinyamaza kama maji mtungini. Dorine akafurahi, na Ephantus akafurahi zaidi, kwa sababu zake.

Mkewe Kaluki alikuwa Ngoliba kwa mamake, na alimpigia mchana kutwa. Kisa ni paa. Krismasi, akiwa ameshiba muthokoi wa mama mkwe na kusifiwa mbele ya watu, Ephantus aliahidi kuyapaka mabati yote rangi nyekundu. Mdomo ulimponza. Jua la Ngoliba juu ya mabati si la kuchezewa, na mama mkwe yule angekaa chini kwenye kiti akimwonyesha alipoacha. Basi kila asubuhi aliitia simu yake sandukuni, akafunga, akaenda zake kupiga msasa. Kaluki aliambiwa mteja hapatikani. Jioni Ephantus alipiga mwenyewe, akailaani network ya Kamakis kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kisha chaji ikamwishia kabla paa halijatajwa.

Alhamisi alasiri Dorine alikwenda Thika kutafuta skrubu, akamwachia neno moja: apake kila mahali ila ule ukingo. Ephantus akapaka, akasimama kando kutazama. Ukingo ule ulimkera kama mtu aliyevaa suti na kandambili. Na chumvi ya bahari je, haitaula? Akajipa ruhusa, akaupaka mara mbili, kijivu safi bila mchirizi.

Ijumaa Nzioki, mhandisi wa wenye meli, akafika. Akilikubali sanduku, angeagiza mengine sita. Akilikataa, karakana ingerudi kwenye vizimba vya kuku, na kizimba cha kuku hakihitaji mpaka rangi.

"Nani ana simu ya kujaribia?" akauliza.

"Tumia yangu," Ephantus akasema upesi, maana saa ya Kaluki ilikuwa karibu. Akaitia, akafunga, akakunja mikono.

Dorine hakuwahi hata kubonyeza nambari. Sanduku likaanza kuimba kwaya. Nzioki akalifungua, akaipokea simu na kuiweka sauti ya juu.

"Baba Lynn," Kaluki akasema, karakana nzima ikasikia. "Leo network imepona?"

Dorine alipitisha kidole ukingoni, akaikuta rangi. Akamtazama Ephantus, naye akatamani ardhi ipasuke immeze. Nzioki naye alishaanza kukusanya vifaa vyake.

"Dada, hii kitu yenu haizuii," akamwambia Dorine. "Kwa meli itakuwa tu yale yale."

Ephantus angeweza kunyamaza. Lawama ingemwangukia Dorine, naye nyumbani angebaki mtu wa network mbaya. Akaitazama simu, bado iko wazi mkononi mwa Nzioki. Aliona haya, tena haya kubwa. Lakini mficha uchi hazai. Akajikaza kisabuni.

"Injinia, sanduku iko sawa. Ni mimi nilipaka rangi mahali niliambiwa nisipake, ndio chuma na shaba hazigusani. Kabla ya hiyo rangi hakuna simu imewahi kuingia hapo."

"Na umejuaje?"

"Uliza bibi yangu."

Nzioki akaisogeza simu mdomoni. "Mama, wiki hii umempata huyu kwa simu mchana?"

"Hata mara moja," Kaluki akasema polepole, na Ephantus alimsikia akiyapanga mambo kichwani. "Napiga asubuhi, napiga saa sita, ni mteja. Kumbe alikuwa anaiweka kwa sanduku?"

"Kwa sanduku," Nzioki akakubali, akijiuma mdomo asicheke. Vifaa akavirudisha chini.

Ephantus aliukwangua ukingo mpaka chuma kikang'aa, akairudisha simu ndani na kufunga. Nzioki akataka Kaluki ndiye apige, maana mtu mwenye hasira kama zile, kama kuna mwanya ataupata. Kaluki alipiga, akarudia, akarudia tena, na kila aliposhindwa alimpigia Dorine kumpa habari. Mwishowe Nzioki akatoa kipimo chake mwenyewe, nacho kikasema vile vile.

"Nataka zingine sita," akasema.

Ephantus akashusha pumzi. Masanduku sita ni kazi ya miezi.

"Hongera, Dorine," Kaluki akasema, maana bado alikuwa kwenye simu ya Dorine. "Lakini hizo sita mtaanza wiki ile ingine. Baba Lynn ako na paa huku, na mama ameshatoa kiti nje."

"Sawa, Mama Lynn," Dorine akajibu kabla Ephantus hajafungua mdomo. "Namtuma saa hii."